Mbona kanisa la Blythburgh ni kubwa kuliko kijiji chake?

SWALI: "Mimi ni muuguzi, naishi Ipswich. Mwezi uliopita tulikwenda pwani ya Suffolk na wanangu, tukaingia kanisa la Utatu Mtakatifu pale Blythburgh. Kijiji unakimaliza kwa miguu kabla hujachoka, lakini kanisa ni kama kathedrali, na ndani ni peupe, patupu. Nani alilijenga, na kwa ajili ya nani? Mzee mmoja tuliyemkuta humo alituambia matundu kwenye malaika wa darini ni ya risasi za askari wa Cromwell. Ni kweli? Na mwanangu wa miaka saba hajaacha kuuliza: yule mtu aliyelala kitandani kwenye ncha ya benchi ni nani?"

JIBU: Dada, nimefurahi kwamba umeanza na ukubwa wa kijiji, maana wengi huanza na malaika. Blythburgh ya leo ina watu mia tatu hivi. Kanisa lina urefu wa karibu mita 39 na upana wa zaidi ya mita 16. Mambo hayo mawili hayaendani mpaka utazame chini ya kilima, unakopita mto Blyth. Maji yakijaa, bonde lote huwa kama ziwa la maji ya chumvi. Yakipwa, hubaki tope na vijito viwili vitatu vinavyojikunjakunja kuelekea baharini. Zama za Kati mto huo ndio uliokuwa mlango wa mji. Vyombo vilipanda kutoka baharini hadi hapa, kukawa na soko, na kukawa na nyumba ndogo ya watawa wa Mtakatifu Augustino waliolisimamia kanisa.

Bahati ya mji huu ilitoka kwenye msiba wa jirani. Kusini kidogo mwa hapo palikuwa na Dunwich, bandari kubwa ya siku zile, ambayo mlango wa mto Blyth ulikuwa kwake. Dhoruba ya 1286 iliimega vibaya, na ile ya 1328 ikauziba mlango wa bandari yake kwa mchanga na kokoto. Mto ukajitafutia njia nyingine ya kutokea baharini, kaskazini zaidi, karibu na Walberswick. Basi vijiji vilivyokuwa chini ya kivuli cha Dunwich vikapumua: Southwold, Walberswick, na Blythburgh yenyewe. Pesa ya samaki na ya mizigo ikaanza kubaki huku.

Ndiyo pesa iliyojenga ulichokiona. Mwaka 1412 Mfalme Henry IV aliwaruhusu watawa kulijenga upya kanisa, na kazi iliendelea kwa sehemu kubwa ya karne ile ya 15. Mnara ni wa zamani zaidi, wa karne ya 14, ndiyo maana unaonekana mzito na wa kawaida ukilinganisha na mwili wa kanisa. Hakuna tajiri mmoja aliyelipia yote. John Hopton, aliyekuwa bwana wa ardhi ya hapo, alitoa. Watu wa kawaida nao walikuwa wakiandika katika wosia wao shilingi kadhaa kwa ajili ya dirisha, au paa, au mshumaa. Usilione kama jumba la mtu mkubwa. Lilijengwa kwa mchango, na waliochanga walitegemea kuombewa humo baada ya kufa.

Sasa kuna jambo ambalo mgeni halioni haraka: Suffolk karibu haina mawe ya kuchonga. Mji uliotaka kanisa kubwa kiasi hiki ulikaa juu ya mchanga, udongo na gumegume. Gumegume ndilo jiwe lile gumu la mviringo, jeupe kwa nje kama limepakwa chokaa, ambalo ukilipasua ndani ni jeusi na linang'aa kama kioo. Halichongeki kuwa tofali. Huwezi kupata kwake kona iliyonyooka, wala nguzo, wala fremu ya dirisha. Kwa hiyo mawe laini meupe ya kuchongeka yaliletwa kwa maji, na kwa bei. Makanisa ya eneo hili yaliagiza mawe kutoka Northamptonshire na Lincolnshire, na mengine yalivuka bahari kutoka Caen, Ufaransa. Ukitazama ukuta wowote pale utaona ubahili wa busara: jiwe la kuagiza limewekwa kwenye kona, kwenye nguzo na kuzunguka madirisha tu, na palipobaki pote ni gumegume na chokaa.

Kisha waashi wakaufanya upungufu huo kuwa pambo. Walipasua gumegume mpaka upate uso mweusi ulio bapa, wakauchomeka ndani ya michoro iliyokatwa katika jiwe jeupe, nyeusi na nyeupe zikakaa sawasawa kama nakshi. Ukirudi, zunguka nyuma, upande wa mashariki, chini ya dirisha kubwa la altare. Kuna mstari wa herufi kubwa zilizotengenezwa hivyohivyo, moja moja, kila moja katika fremu yake. Ni mianzo ya maneno ya Kilatini, na wataalamu wengi huisoma kama kuweka wakfu kwa Utatu Mtakatifu, Bikira Maria, Mtakatifu Anna na Mtakatifu Katarina. Siku ya mvua gumegume huwa jeusi zaidi na herufi zinajitokeza. Pitisha kidole kwenye ungio la jiwe na gumegume: waliliunganisha kwa ustadi mkubwa, na miaka zaidi ya 500 ya upepo wa bahari imepita juu yake.

Nitakaa kidogo hapa kwenye ujenzi, unisamehe, maana ndiyo kazi yangu. Gumegume halinywi maji. Tofali la udongo au jiwe la matumbawe tulilozoea kwetu hufyonza unyevu wa chokaa, na hivyo ukuta hushika mapema. Ukuta wa gumegume hubaki mbichi kwa muda mrefu, na ukiupandisha haraka unavimba chini kwa uzito wake wenyewe. Baridi kali ikiupata ungali mbichi, chokaa hupasuka. Tunajua jinsi walivyokabiliana na hilo kwa sababu mkataba mmoja wa jirani umebaki. Mwaka 1426 Walberswick waliwaajiri waashi wawili kujenga mnara wa kanisa lao: Richard Russel wa Dunwich na Adam Powle wa Blythburgh. Kazi ilipaswa kufanyika katika majira yanayofaa tu, kuanzia sikukuu ya Kupashwa Habari Maria mwezi wa Machi hadi ya Malaika Mikaeli mwishoni mwa Septemba. Malipo yalikuwa shilingi 40 kwa kila yadi ya kimo, pamoja na pipa moja la samaki aina ya heringi kila mwaka, na joho kwa kila mmoja. Yadi ni chini ya mita moja. Hapo unaona mnara ulivyopanda: kipande kidogo, kisha kusubiri kipupwe kipite, kisha kipande kingine. Mnara huo bado umesimama, unaweza kwenda kuuona siku hiyohiyo. Na mwashi mmojawapo alikuwa mtu wa Blythburgh, katika miaka ambayo kanisa la kwao nalo lilikuwa linajengwa.

Tuingie ndani. Umesema ni peupe, na ni kweli, lakini kabla ya weupe kuna mwanga. Juu ya nguzo za katikati kuna safu ya madirisha, 18 kila upande, yaliyosogeleana hivi kwamba ukuta uliobaki kati yake ni mwembamba kuliko dirisha lenyewe. Hilo liliwezekana kwa sababu ya paa. Paa la nyasi au vigae lazima liwe na mteremko mkali, la sivyo maji yanaingia. Paa la madini ya risasi linaweza kulala karibu bapa. Kwanza ni vizuri lilale, maana risasi ni nzito na laini, na kwenye mteremko mkali huteleza na kujikunja polepole. Paa likilala, ukuta wa chini yake unaweza kupanda juu zaidi na kujazwa vioo. Kwa hiyo mwanga ule unatokana na uamuzi wa kuezeka kwa risasi.

Na dari, dada. Boriti zile zinatoka ukuta hadi ukuta bila nguzo katikati. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za mawe za Lamu au Unguja tunajua chumba kina upana wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu hadi tatu, na basi. Nyumba inafuata mti. Seremala wa Suffolk alikuwa na mwaloni, na mwaloni ulimruhusu kufikiri kwa upana mwingine. Katikati ya boriti wamekaa malaika wawili wawili, mgongo kwa mgongo, mmoja anatazama altare na mwingine anatazama mlango, wameshika ngao, mabawa yamekunjuliwa. Kati ya boriti mbao zimepakwa rangi nyeupe, na juu yake maua na herufi za jina la Yesu, nyekundu na kijani. Rangi hiyo ni ya asili. Imefifia, lakini haikupakwa upya na mtu wa baadaye aliyedhani anajua zaidi, na hilo kwangu lina thamani kuliko dari nyingi zinazong'aa. Paa za malaika zilianza kupata umaarufu baada ya ukumbi wa Westminster, London, kuezekwa upya miaka ya 1390, na nyingi zilizobaki hadi leo ziko huku East Anglia, yaani mashariki mwa Uingereza.

Utupu wa chini ndio unaopotosha. Mtu aliyeingia humo mwaka 1500 asingepaona peupe. Madirisha yalijaa vioo vya rangi, kwa hiyo mwanga niliousifu ulifika sakafuni umechujwa. Mbele palikuwa na kiambaza cha mbao kilichochorwa watakatifu, na juu yake msalaba mkubwa wenye Maria na Yohana pembeni, mishumaa ikiwaka. Palikuwa na altare za pembeni, sanamu, vitambaa. Ukitaka kupata picha ya kiambaza kama hicho nenda Southwold, ni mwendo mfupi tu kwa gari. Cha pale kimebaki na rangi na dhahabu yake, ingawa nyuso za watakatifu zimekwanguliwa.

Vyote hivyo viliondoka kwa awamu. Nyumba ya watawa ilifungwa mwaka 1537 wakati wa Henry VIII. Chini ya mwanawe Edward VI, makanisa nchini yaliamriwa kuondoa sanamu na kupaka kuta chokaa. Kisha tarehe 4 Agosti 1577, Jumapili, watu wakiwa ibadani, radi ilipiga. Ncha ya mnara ilianguka ndani kupitia paa, mtu mzima mmoja na mtoto mmoja wakafa. Siku hiyohiyo radi ilipiga na kuua watu kanisani Bungay, mji wa karibu, na hapo ndipo hadithi ya mbwa mweusi ilipozaliwa: shetani katika umbo la mbwa, aliyekimbia kutoka kanisa moja hadi jingine na kuacha alama za kucha kwenye mlango wa kaskazini wa Blythburgh. Alama za kuungua zipo mlangoni kweli, waonyeshe watoto. Ila waambie pia habari za wale wawili waliokufa, kwa sababu hao hawakuwa hadithi.

Sasa malaika na matundu. Mzee wako amekueleza kile ambacho watu wengi wamekieleza kwa miaka mingi, na chanzo chake kinajulikana. Tarehe 9 Aprili 1644, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme na Bunge, ambalo Cromwell alikuwa mmoja wa makamanda wake, alifika Blythburgh mtu aitwaye William Dowsing, aliyepewa kazi rasmi ya kuondoa mapambo ya kanisani yaliyohesabiwa kuwa ushirikina. Aliweka shajara, na imebaki. Anaandika kwamba alikuta picha 20, misalaba miwili, mmoja kibarazani na mmoja mnarani, na malaika 20 wa kushushwa. Mwenyewe alivunja maandishi matatu yaliyoomba wapita njia wawaombee marehemu, akaamuru picha nyingine zaidi ya 200 ziondolewe ndani ya siku nane. Hakuna mahali anaposema alipiga bunduki. Kazi yake ilikuwa kuamuru. Gharama ya ngazi na mafundi iliangukia kijiji. Vioo vilikuwa karibu, vikavunjwa. Malaika walikuwa juu sana, na nadhani kijiji kilichokuwa tayari kimefilisika hakikuona haraka ya kukodi mafundi wa kupanda huko.

Lugha yetu ina neno moja kwa yale madini na kwa kile kinachotoka kwenye bunduki, na hapa inatusaidia kufikiri. Wakati wa ukarabati wa miaka ya 1970 chembe za risasi zilitolewa kwenye mbao za malaika na kuchunguzwa, zikaonekana ni za aina iliyotumika karne ya 18, si ya wakati wa Dowsing. Na daftari za matumizi ya kanisa za karne hiyo ya 18 zina malipo kwa watu waliopiga kunguru wadogo waliokuwa wakiingia na kujenga viota humo. Paa lilikuwa limeoza na kutoboka, ndege wakaingia, wanaume wa kijiji wakapiga juu, na malaika ndio waliokuwa nyuma ya kunguru. Askari wa Cromwell hawahusiki. Ni ushahidi wa kanisa lililokosa pesa ya kuziba paa lake, na kwangu hilo ni la kuhuzunisha kuliko hadithi ya askari.

Maana wakati huo mto ulikuwa umeshajaa tope na mchanga. Vyombo vilikuwa vikizidi kuwa vikubwa huku maji yakizidi kuwa mafupi, biashara ikahama, na kijiji kikabaki na kanisa kama mtoto aliyevishwa kanzu ya babu yake. Majirani walikata tamaa mapema. Covehithe, kaskazini mwa Southwold, waliruhusiwa mwaka 1672 kulibomoa kanisa lao na kujenga dogo la kuezekwa kwa nyasi ndani ya magofu. Liko hadi leo, na bahari inazidi kulikaribia. Walberswick walifanya karibu hivyohivyo mwaka 1695. Blythburgh hawakubomoa. Waliziba, wakapachika, wakaacha livuje. Hali ikafika mahali kanisa likafungwa mwaka 1881 kwa sababu ya hatari, likafunguliwa tena 1884. Katika kulikarabati kulikuwa na mvutano mkali. Kuna waliotaka kulifanya jipya, kama makanisa mengi ya Uingereza yalivyofanywa karne ile: kung'oa sakafu, kuchonga upya mawe, kupaka dari rangi mpya. Upande wa pili alikuwa William Morris, msanii na mwandishi, na chama chake cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa 1877, wakisema tengeneza kinachovuja na ukiache kingine. Kwa sehemu kubwa pesa haikutosha kwa ule mpango wa kwanza. Ndiyo maana ulikanyaga matofali yaliyochakaa, na ndiyo maana rangi ya darini ni ile ya waliojenga.

Vyombo vya humo ndani havikuisha vyote. Sanduku la sadaka la mbao ni la karne ya 15. Birika la ubatizo limesimama juu ya ngazi pana za mawe. Lina pande nane na kila upande ulikuwa na picha iliyochongwa, lakini zote zimekatwa zikawa bapa. Kuna pia mtu wa mbao mwenye kengele, aliyetengenezwa kugonga saa. Ana tarehe ya 1682, na bado hugongeshwa kengele yake ibada inapoanza. Chunguza pia viti vya kwaya vilivyochongwa mitume mbele yake. Juu ya mbao kuna vitobo vya mviringo, navyo ni vya vidau vya wino: katika karne ya 17 viligeuzwa madawati ya shule. Mvulana mmoja alichonga humo jina lake, Dirck Lowersen van Stockholm, na mwaka 1665. Inaelezwa alikuwa mtoto wa mmoja wa mafundi wa Kiholanzi waliokuja kujenga kingo za kuzuia maji ya mto. Mwonyeshe mwanao, lakini umshike mkono, asije akaongeza la kwake.

Na swali la huyo mwanao. Kabla ya karne ya 15 watu wengi walisimama kanisani, na wazee waliegemea ukuta. Mabenchi yalipoingia, seremala alipata ncha mbili za kuchonga kwenye kila benchi, na waliokaa hapo wengi hawakujua kusoma. Pale Blythburgh ncha hizo zina makundi matatu: majira ya mwaka na kazi zake, matendo ya huruma kama kulisha wenye njaa, na dhambi kubwa. Mchoyo amekalia sanduku lake. Msengenyaji ametoa ulimi. Mlafi ameshika tumbo. Na huyo wa kitandani, aliyejiinua kidogo kama mtu aliyeitwa mara ya tatu na bado anatafuta sababu ya kutoamka, ni Uvivu. Mbao ya shuka lake imelainika na kung'aa, kwa sababu benchi liko kwenye njia na kila anayepita huweka mkono hapo kujishikilia.